Madaraja ya mawe ya zamani yalilipiwa na nani, na kwa nini mengine yapo mpaka leo?

Mchuuzi wa Mikindani

Habari za jioni wakuu. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo. Natoa korosho zilizobanguliwa na ng'onda huku Mikindani napeleka Dar, nikirudi nabeba bidhaa za duka. Mwezi wa tano mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, nilikwama upande wa kaskazini na mzigo wangu. Malori na mabasi yalipangana mpaka macho yanachoka kuyafuata. Mkikwama hivyo mnazungumza. Kondakta mmoja alitoa simu akatuonyesha daraja la mawe lililopo Prague, nchi ya Cheki, akasema lilianza kujengwa karne ya 14, halina saruji ya mfuko wala nondo, na watu wanapita juu yake mpaka leo. Ubishi ukawaka. Mmoja akasema siri ni mayai, walichanganya mayai kwenye chokaa. Mwingine akasema wafalme wa zamani walikuwa na vibarua wa bure, ndiyo maana. Mama mmoja wa Nangurukuru, aliyekuwa anarudi na mgonjwa kutoka hospitali, akauliza jambo ambalo hakuna aliyelijibu: hayo madaraja yakiharibika, nani alikuwa anayalipia?

Swali lake halijanitoka kichwani. Shuleni tulisoma habari za makabaila wa Ulaya na mashamba yao, lakini sikumbuki kusoma neno moja kuhusu madaraja. Naomba mwenye ujuzi anieleze. Walisimamishaje nguzo katikati ya mto bila mashine? Gharama ilitoka wapi? Na sisi watu wa pwani ya kusini, enzi hizohizo za Kilwa, tulikuwa na madaraja, au tulivuka kwa mitumbwi tu?

Mzee wa Mtanda

Marahaba mwanangu. Pole na mzigo.

Nimefanya kazi ya barabara huku kusini tangu ujana wangu. Nilianza kibarua wa kupanga mawe kwenye kingo, nikaishia msimamizi wa kikosi cha makalavati na madaraja madogo. Sasa nimestaafu, nipo hapa Lindi, na habari za madaraja ya kale ndiyo kitu ninachokisoma kuliko magazeti. Kwa hiyo uvumilie, nitaandika kwa urefu.

Nianze na lile la Prague, maana kondakta wako amesimulia nusu. Daraja la Charles lilianzwa mwaka 1357 na Mfalme Charles IV. Lina urefu wa mita 516. Lakini kabla yake palikuwa na daraja jingine la mawe hapohapo, likasombwa na mafuriko mwaka 1342. Na hili jipya nalo mafuriko ya 1432 yaliziumiza nguzo zake tatu, na mwaka 1890 matao matatu yalianguka mtoni. Kila mara walirudi wakajenga. Hadithi ya mayai inasimuliwa sana kule. Hata kama mayai yalitiwa, hayazuii maji kuchimba chini ya nguzo, na hapo ndipo madaraja mengi yanapokufa. Daraja huoza chini kama jino, juu unaliona jeupe. Maji yanakuja kwa kasi, yanagonga nguzo, yanazunguka na kuchota mchanga uliopo chini, siku moja nguzo inakaa hewani. Au yanapita pembeni na kula tuta la barabara, daraja linabaki limesimama peke yake halina pa kuingilia. Nimeyaona yote mawili kwa macho yangu.

Sasa namna ya kujenga. Chukua daraja la London la zamani, kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri, na kwa sababu Mto Thames pale mjini hujaa na kupwa kama bahari yetu, hivyo mtu wa pwani ataelewa upesi shida yao. Kazi ilianza 1176. Msimamizi alikuwa padri, Peter wa Colechurch. Daraja liliisha 1209. Yeye alishafariki mwaka 1205, wakamzika ndani ya kanisa dogo lililojengwa juu ya daraja lenyewe. Nguzo zilikuwa 19. Kwa kila nguzo walishindilia magogo ya mti wa elm kwenye tope la mto, kwa uzito mkubwa unaovutwa juu kwa kamba na kuachiwa uanguke. Ndani ya magogo hayo wakajaza mawe na kifusi, kisha juu yake wakaanza kujenga kwa jiwe la kuchonga na chokaa. Tao walilijengea juu ya fremu ya mbao, jiwe moja moja kutoka pande mbili hadi yakutane katikati, ndipo mbao zikatolewa na mawe yakabaki yanabanana yenyewe. Ukitazama mafundi wetu wanavyofunga mbao kabla ya kumwaga zege, wazo ni lilelile, ila wao hawakuwa na kitu cha kumwaga.

Kuzunguka nguzo waliweka kingo za magogo na mawe, ncha zake zikielekea mkondo. Kingo hizo zililiwa na maji kila mwaka, na kila mwaka ziliongezwa, mpaka nafasi ya maji kupita ikawa finyu. Maji yakipwa, kimo cha maji upande wa juu kilizidi cha upande wa chini kwa karibu mita mbili. Wenye mashua waliothubutu kupita chini ya matao wakati huo wengine walizama. Kwa fundi, hilo ni kosa la ujenzi: nguzo nene mno na nyingi mno. Pamoja na kosa hilo, daraja lile lilihudumu zaidi ya miaka 600, hadi lilipofunguliwa jipya mwaka 1831 na la zamani kubomolewa.

Nafika kwa swali la yule mama wa Nangurukuru, na naomba wote mlisome vizuri hapa.

Daraja la London lilikuwa na mali yake. Juu yake zilijengwa nyumba na maduka, wapangaji wakalipa kodi, na kodi ikaenda kwa daraja. Watu wa mjini walipokaribia kufa waliandika wasia wakaacha nyumba au kiwanja "kwa Mungu na kwa Daraja". Kulikuwa na ushuru wa mikokoteni na wa vyombo vya majini. Fedha hizo zilikuwa na ofisi yake, na wasimamizi wawili waliochaguliwa na wenyeji, na wasimamizi hao walitakiwa kutoa hesabu. Hesabu zimehifadhiwa tangu karne ya 14: mawe kiasi fulani, chokaa kiasi fulani, vibarua wa kushindilia magogo waliolipwa kwa kila maji ya kupwa. Yaani walikuwepo watu ambao riziki yao ilikuwa kushuka maji yakitoka na kutazama nguzo. Maji yakirudi wanapanda. Kesho tena.

Na tunajua kilichotokea mali ile ilipochezewa. Mfalme Henry III alimpa mkewe, Malkia Eleanor, mapato ya daraja. Malkia akachukua kodi, ukarabati akauacha. Wenyeji wakalalamika. Baridi kali ya mwaka 1281 kuingia 1282 ikaleta barafu mtoni, matao matano yakaanguka. Barafu ilikuja, ni kweli, lakini ilikuta daraja ambalo halijaguswa na fundi kwa miaka.

Mfuko wenyewe upo mpaka leo. Ndio uliolipia Tower Bridge, ile inayofunguka katikati, iliyozinduliwa 1894, na sasa unatunza madaraja matano ya London. Mawe yamebadilishwa, jengo zima limebadilishwa, mfuko haujakatika tangu enzi za yule padri.

Nimefanya kazi kwenye barabara ambazo kila masika tulikuwa tunazika fedha zilezile kwenye shimo lilelile. Nikisoma habari za vibarua wale wa maji ya kupwa, moyo unaniuma, kwa sababu kitu kilichotukosa hakikuwa saruji. Hakukuwa na mtu aliyeajiriwa kulitazama daraja wakati wa kiangazi, lilipokuwa halina tatizo.

Mwanasheria wa Masasi

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma kwa furaha, lakini naomba nipinge kidogo, isije ikaonekana kwamba kila kitu kilikwenda kwa sadaka na wasia.

Uingereza, hata kabla ya daraja hilo la mawe, mwenye ardhi alikuwa na wajibu tatu ambazo mfalme hakuzisamehe hata alipomsamehe vingine vyote: kwenda vitani, kujenga ngome na kujenga madaraja. Na mzigo huo aliubeba mkulima aliyekaa kwenye ardhi hiyo. Ukaja ule mkataba wa mwaka 1215, Magna Carta, ambao wanafunzi wa sheria wote tunaukariri kwa ajili ya vifungu vya haki na mahakama. Kifungu cha 23 ni cha madaraja. Kinasema hakuna kijiji wala mtu atakayelazimishwa kujenga madaraja mitoni isipokuwa wale wenye wajibu huo tangu kale na kwa sheria. Kilio kilikuwa kwamba mfalme akitaka kwenda kuwinda ndege kwa mwewe, wanakijiji wa njiani waamrishwe kumtengenezea pa kuvukia. Mpaka waliandika kwenye mkataba na mfalme wao! Maana yake watu walikuwa wameumizwa kweli.

Nalisema hili kwa sababu neno "mchango" naliogopa. Nimekulia kijiji ambacho kila ujenzi ulikuwa mchango, na aliyeshindwa kutoa alichukuliwa kuku. Ushuru nao ni vilevile. Anayelipa ushuru wa kuvuka ni mwenye mzigo, na mwenye mzigo anauhamishia kwenye bei ya sukari, na anayenunua sukari kwa kilo robo ndiye anayelijenga daraja.

Jambo la pili. Tukisema madaraja yalileta faida kwa jamii, tuseme pia faida ya nani. Regensburg, Ujerumani, kuna daraja la mawe juu ya Mto Danube, lilijengwa kati ya 1135 na 1146. Wafanyabiashara walineemeka. Lakini mwaka 1147, na tena 1189, mji huohuo ukawa kituo cha kukusanyikia majeshi ya vita vya msalaba yaliyokuwa yanakwenda Mashariki. Daraja halimuulizi mtu anabeba nini.

Binti wa Masoko

Shikamooni wazee wangu, na kaka wa Mikindani habari yako. Mimi ni mtembeza wageni hapa Kilwa Masoko. Mwanasheria ameniita bila kujua, kwa sababu habari ya Kilwa inaanzia hapo alipoishia.

Kaka umeuliza kama sisi tulikuwa na madaraja. Masimulizi ya kale ya Kilwa Kisiwani yanaeleza kwamba mgeni aliyekuja kutoka pande za Shirazi alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyewe kwa nguo, nguo za kukizunguka kisiwa chote. Wakati huo, maji yakipwa, ulikuwa unaweza kutembea kwa miguu kutoka bara hadi kisiwani. Yule mwenyeji akahamia bara, kisha akajuta, akataka kurudi na watu wake kwa vita, akangoja maji yatoke. Toleo moja linasema watu wa kisiwani walichimba ule mvuko mpaka ukawa mkondo wa kina. Jingine linasema walisoma Kurani na kutoa sadaka, maji yakakataa kupwa. Wageni wangu wengi huniuliza lipi la kweli. Mimi huwaonyesha tu maji yale na kuwaambia kwamba mji huu unasimulia kuzaliwa kwake kwa kuondoa njia ya miguu.

Na haukufa njaa kwa hilo. Walipokuwa London wanapanga nyumba juu ya daraja, Kilwa ilikuwa inapokea dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, kwa majahazi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule wa jumba la Husuni Kubwa, na alimsifu kwa ukarimu. Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo nyingi nao ni wa karne hizo. Kwa hiyo tao tulilijua, kaka. Nenda uinue kichwa ndani ya msikiti ule: matao ya matumbawe na chokaa, yamefungwa kwa namna ileile aliyoieleza Mzee, jiwe kubanana na jiwe. Mafundi wa kujenga tao walikuwepo. Hawakulipeleka juu ya maji kwa sababu chombo chetu kilikuwa dau, na maji yenyewe yalikuwa ndiyo barabara. Mpaka leo navusha wageni kwa mashua, na bibi zangu wa Kisiwani wanakuja sokoni Masoko kwa mashua hizohizo.

Niongeze la China, kwa sababu watu wakitaja zamani wanakimbilia Ulaya tu. Huku kwetu vigae vya vyombo vya China vinaokotwa kwenye magofu, na katika bandari kuu za China za enzi hizo, ile ya Quanzhou ilikuwa maarufu mno. Waarabu waliiita Zaitun. Nje ya mji huo, mahali mto unapokutana na bahari, walijenga daraja la mawe la Luoyang kati ya 1053 na 1059, chini ya gavana Cai Xiang. Lina zaidi ya mita 700 na bado lipo. Pale maji yana nguvu mbili, ya mto na ya bahari. Walimwaga mawe chini kuvuka mkondo wote yakawa tandiko moja, wakasimamisha nguzo juu yake zenye ncha, halafu wakapanda chaza. Ndiyo, chaza! Wale tunaowagonga kwenye mizizi ya mikoko kwa panga. Chaza wakaota juu ya mawe ya msingi, wakagandana, wakayashikilia yasitawanyike. Nikilifikiria hilo nafurahi sana. Alitokea mtu wa pwani, anayejua chaza anavyong'ang'ania, akaamua kumwajiri.

Baadaye, kati ya 1138 na 1151, wakajenga jingine pande hizohizo, daraja la Anping, refu kuliko kilomita mbili. Lote kwa mabamba ya mawe.

Mchuuzi wa Mikindani

Nawashukuru sana. Dada, habari ya chaza nimeisoma kwa sauti hapa dukani na wateja wamekusanyika.

Mzee, nina swali jingine, na hili ni la mtaani kwetu kabisa. Kuna kijito nyuma ya nyumba zetu, masika kinajaa, na watoto wanavuka kwenda shule juu ya magogo mawili ya mnazi. Kila mwaka gogo moja linaoza, tunaweka jingine, mtoto akiteleza ndipo tunakumbuka. Ulipoandika habari za watu kuacha nyumba "kwa Mungu na kwa Daraja" nikaufikiria msikiti wetu, una minazi ya wakfu, nazi zake zinauzwa kununua mikeka na kulipa umeme. Je, kwa Waislamu wa enzi hizo wakfu ulikwenda kwenye madaraja? Na je, haya ya mfuko hayajawahi kushindwa popote? Maana Mwanasheria amenitia hofu.

Mzee wa Mtanda

Mwanangu, wakfu ulikwenda kwenye madaraja, tena sana. Kuacha shamba, duka au hamamu ili mapato yake yatunze daraja, kisima au nyumba ya wasafiri ilikuwa ibada inayojulikana katika nchi za Kiislamu. Mashariki ya Uturuki lipo daraja la Malabadi, la karibu mwaka 1147, lililojengwa na watawala wa Kiartuki. Tao lake kuu peke yake linaruka mtoni karibu mita 40, na ndani ya mabega ya daraja wameweka vyumba msafiri apumzike. Huko Ulaya maaskofu walitoa barua za kusamehewa adhabu ya dhambi kwa waliochangia daraja. Wote waliliona daraja kuwa sadaka inayoendelea, kwa sababu mvukaji maskini na mvukaji tajiri hupata thawabu ileile ya kutolowa.

Kuhusu kushindwa, ndiyo, wapo walioshindwa, na nitakupa mfano mkubwa. Avignon, Ufaransa, kijana mchungaji aitwaye Bénézet alidai ameamrishwa na Mungu kujenga daraja kwenye Mto Rhône. Walianza 1177, wakamaliza 1185. Matao 22, urefu wa karibu mita 900. Ninyi mnaovuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ambalo lina mita 970 na lilifunguliwa 2003, mnaweza kuupima urefu huo kwa macho, kisha mkumbuke ni karne ya 12. Fedha zilikusanywa kwa sadaka, na wenye kulitunza walikuwa jumuiya ya ndugu wa dini. Lakini Rhône ni mto mkali. Mwaka 1226 vita vililibomoa, likajengwa upya, kisha mafuriko yakawa yanaondoa matao, wanarudisha, yanaondoa tena. Karne ya 17 wakachoka. Leo yamebaki matao manne na kanisa dogo juu ya nguzo moja, nalo linaishia katikati ya maji. Mfuko ulikuwepo. Mto uliushinda kwa gharama. Kwa hiyo Mwanasheria ana haki ya kuhofu, na sitasema kwamba wakfu unatosha kwa mto kama Rufiji au Ruvuma. Mito ile ni kazi ya serikali. Mimi niliyeliona pantoni la Ndundu, pale Rufiji kabla ya daraja, likisimama masika, malori ya korosho yakingoja wiki nzima upande huu na mitungi ya gesi upande ule, siwezi kukwambia wanakijiji wajichangie kwa mto wa namna hiyo.

Kijito cha nyuma ya nyumba zenu ni jambo jingine. Hapo wakfu unatosha. Na kuhusu hofu ya kuku kuchukuliwa, Mwanasheria ananisaidia: usianzishe mchango. Tafuta kitu kinachozaa. Kama kuna mzee ana mikorosho mitatu minne asiyoihudumia, au fremu ya duka iliyo tupu, aitoe kwa kidaraja mbele ya mashahidi, kwa maandishi, na mtendaji wa mtaa awe na nakala. Chagueni watu wawili wa kushika daftari, wasiwe ndugu, na mmoja awe mama, kwa sababu akina mama ndio wanaovuka pale mara nyingi kwa siku. Hesabu isomwe hadharani mara moja kwa mwaka, baada ya msimu wa korosho.

Juu ya ujenzi wenyewe, acheni gogo la mnazi. Gamba lake ni gumu lakini moyo wake unanyonya maji, ukilala kwenye udongo mbichi hauvuki misimu miwili. Boriti za mikoko zinadumu zaidi, ila msikate bila kibali cha misitu. Kama mna mawe ya matumbawe ya nyumba zilizobomoka, na Mikindani hayakosekani, jengeni vichwa viwili vya mawe, kimoja kila upande, mviweke nyuma kuliko mnavyodhani, mita moja zaidi ya ukingo wa maji ya kiangazi, maana kijito kikijaa kitapanuka. Msingi ushuke mpaka mkute udongo mgumu, hata kama vijana watanung'unika kuchimba. Mbao za kupita juu msizipigilie misumari kwenye mawe. Zifungeni kwa kamba nene kwenye mti wa upande mmoja, ili mafuriko makubwa yakija yaziinue na kuzigeuza, kisha mzirudishe, kuliko zing'ang'anie na kubomoa vichwa vyote viwili.

Halafu mwezi wa kumi, kabla ya mvua kuanza, mtu ashuke chini na fimbo, achome pembeni ya kila kichwa. Fimbo ikizama kirahisi, maji yameshaanza kula. Jazeni mawe hapo siku hiyohiyo.

Mchuuzi wa Mikindani

Nimekuelewa Mzee. Fremu ya duka ipo, ya marehemu baba mdogo wangu, imefungwa muda mrefu. Jumapili tunakaa na wanafamilia. Nitakuuliza tena upande wa maandishi, na Mwanasheria naomba nikutafute hapahapa.

Mwanasheria wa Masasi

Karibu. Andikeni kwanza mipaka ya fremu na majina ya warithi wote waliokubali, hata walio mbali. Hapo ndipo nyaraka nyingi za wakfu zinapovunjika.